Mashine za Maji ya Alkali Majumbani: Zinafanya Nini na Hazifanyi Nini

(Mada hii ilitolewa na idara yetu ya maji na afya ya jamii kwa viongozi wa vikundi vya akina mama, wahudumu wa afya wa vijiji na wajumbe wa kamati za maji. Tunaichapa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo limekuwa likiulizwa katika vikundi vyetu vingi, nalo ni mashine za umeme zinazotengeneza "maji ya alkali". Ni mashine ndogo ya kuweka mezani au kutundika ukutani jikoni. Huunganishwa na bomba, huchomekwa kwenye umeme, na hutoa maji kupitia mirija miwili. Wanaoiuza husema maji ya mrija mmoja yana faida kubwa kwa mwili, na wengine huenda mbali zaidi wakidai yanatibu kisukari, shinikizo la damu na hata saratani. Bei yake si ndogo. Nyingi huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na nyingine hufika mara kadhaa ya hapo.

Aidha, mashine hizi mara nyingi haziuzwi dukani. Huuzwa na mtu kwa mtu: jirani, ndugu, au muumini mwenzetu tunayeketi naye benchi moja. Ndiyo maana kikundi kinapojiuliza kama kitoe fedha za VICOBA kununua mashine moja ya pamoja, au mgonjwa anapojiuliza kama aendelee na vidonge vyake, swali hilo ni zito. Ni fedha ya watu wengi na ni uhai wa mtu.

Hatukuja kumsema muuzaji yeyote. Tumekuja kueleza mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu anayekielewa chombo anaweza kuamua mwenyewe kama anakihitaji.

1. Maana ya tindikali na alkali

Tuanze na vitu vya jikoni. Limau na ukwaju ni vikali kwa sababu vina tindikali. Magadi na maji ya majivu huteleza vidoleni kama sabuni kwa sababu ni alkali. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo kinachoitwa pH, kilichobuniwa na Søren Sørensen wa Denmark mwaka 1909. Katika matumizi ya kawaida kipimo huanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni alkali. Kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi: maji yenye pH 9 yana nguvu ya alkali mara kumi ya maji yenye pH 8.

Kwa mfano, maji ya limau yana pH ya karibu 2. Damu ya mtu mwenye afya ni kati ya 7.35 na 7.45. Maji mengi ya bomba huwa kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya Ziwa Natron, kule kaskazini mwa Tanzania, hupita 10.

Jambo hili mnaweza kulijaribu nyumbani bila gharama. Chemsheni rozela, ile choya tunayotengenezea juisi, kisha gawanyeni maji yake katika glasi mbili. Kamulieni limau glasi ya kwanza: rangi itakuwa nyekundu zaidi. Wekeni magadi kidogo katika glasi ya pili: rangi itageuka kuelekea zambarau, buluu au kijani. Matone ya rangi ambayo muuzaji hudondosha kwenye glasi mbele yenu hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Yanaonyesha pH tu. Hayaonyeshi kama maji yana vijidudu, wala kama yanatibu ugonjwa.

2. Mashine inavyofanya kazi

Msingi wa mashine hii si siri mpya. Mwaka 1800, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walipitisha umeme wa betri katika maji wakaona mapovu ya gesi yakitoka. Maji yalikuwa yanavunjwa na umeme. Mashine za leo zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Ndani ya mashine kuna sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni chujio, ambalo kwa kawaida lina mkaa maalumu. Chujio hili hupunguza harufu, baadhi ya uchafu, na pia dawa ya klorini iliyowekwa na mamlaka ya maji.

Sehemu ya pili ni chumba cha umeme. Humo kuna vibamba vya chuma, mara nyingi titani iliyopakwa platini ili isiliwe upesi. Vibamba vingine vimeunganishwa na upande hasi wa umeme, vingine na upande chanya. Katikati yake kuna utando mwembamba ambao huruhusu chembe ndogo za chumvi kupita, lakini huzuia maji ya pande mbili yasichanganyike ovyo.

Kwenye kibamba hasi, maji hupokea umeme na kuvunjika. Gesi ya haidrojeni hutoka kama mapovu, na zinazobaki majini ni chembe ziitwazo haidroksaidi. Hizo ndizo zinazoyafanya maji ya upande huo yawe alkali. Kwenye kibamba chanya kinyume chake hutokea. Gesi ya oksijeni hutoka, na zinabaki chembe za haidrojeni zenye chaji, ambazo huyafanya maji yawe tindikali.

Wakati huohuo, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji nayo husogea. Kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu zina chaji chanya, hivyo huvutwa kwenda upande hasi. Kloraidi na salfeti zina chaji hasi, huvutwa kwenda upande chanya. Hapo sehemu ya kloraidi hugeuka kuwa klorini.

Sehemu ya tatu ni mirija miwili. Mmoja hutoa maji ya alkali, kwa kawaida yenye pH kati ya 8 na 10. Mwingine hutoa maji ya tindikali, kwa kawaida kati ya 4 na 6. Baadhi ya mashine zina tangi dogo la maji ya chumvi, nazo zinaweza kutoa maji makali zaidi, ya pH 11 upande mmoja na karibu 2.5 upande wa pili. Hayo si ya kunywa kabisa.

Tafadhali mshike neno moja hapa: mashine inagawanya. Haiongezi madini ambayo hayakuwemo. Kadiri upande mmoja unavyozidi kuwa alkali, ndivyo upande wa pili unavyozidi kuwa tindikali. Mkitaka kuhakikisha, mwombeni muuzaji achukue maji ya mirija yote miwili, kwa kiasi kilekile yalivyotoka, ayamwage katika jagi moja na kupima tena. Mtakuta pH imerudi karibu na ile ya maji ya bomba mliyoanza nayo.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na hayo. Kwanza, mashine inahitaji maji yenye madini, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri. Maji ya mvua tunayovuna kwenye mapaa ya makanisa na shule zetu hayafai kwa kazi hiyo. Pili, madini yakiwa mengi, ukoko mweupe hujenga kwenye vibamba kama ule wa ndani ya birika, na mashine huhitaji kusafishwa mara kwa mara. Tatu, sehemu ya maji hutoka katika mrija wa tindikali, na familia nyingi huyamwaga. Mama anayenunua maji kwa ndoo ni lazima ahesabu ndoo hizo pia.

3. Maji hayo yanafanya nini mwilini

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ukiwa na ulinzi wake. Maji tunayokunywa hushukia tumboni, na tumbo lina tindikali kali, yenye pH ya kati ya 1.5 na 3.5 linapokuwa tupu. Tindikali hiyo ina kazi: husaidia kusaga chakula na kuua vijidudu vingi. Maji ya alkali yakifika hapo hupoteza alkali yake upesi.

Damu nayo haiachiwi ibadilike kwa kila glasi tunayokunywa. Mapafu hutoa hewa ya ukaa, figo hutoa tindikali au alkali iliyozidi kwa njia ya mkojo, na pH ya damu hubaki palepale. Ndiyo maana mkojo wa mtu unaweza kubadilika baada ya kunywa maji hayo bila damu yake kubadilika. Akipima mkojo na kuona rangi imegeuka, ameona figo zikifanya kazi yake. Hajaona ugonjwa ukiondoka.

Ni haki tuseme pia kile kinachokubalika. Nchini Japani mashine hizi zimeruhusiwa tangu miaka ya 1960 kama vifaa vya nyumbani vya kusaidia matatizo madogo ya tumbo, kama vile kiungulia na chakula kutosagika vizuri. Madai ya kutibu saratani ni jambo jingine. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la BMJ Open lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu vyakula na maji ya alkali. Waandishi hawakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake katika kuzuia au kutibu saratani.

Kwa hiyo tunasema kwa uwazi: mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa kifua kikuu, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, asiache dawa zake kwa sababu ya maji haya. Asimezee dawa kwa maji hayo pia, kwa kuwa alkali inaweza kubadilisha namna baadhi ya dawa zinavyoyeyuka. Mwenye ugonjwa wa figo asiyatumie bila kumwona daktari. Na maji ya kunywa yasipite pH 10.

4. Je, maji hayo ni salama?

Hili ndilo eneo linalotuhusu zaidi sisi tunaofanya kazi vijijini. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu haviletwi na pH ya maji. Vinaletwa na vijidudu kutoka kwenye kinyesi. Maji ya alkali ya pH 9 hayaui vijidudu hivyo kwa namna ya kutegemewa.

Tena kuna hatari ambayo haitajwi sana. Tumesema chujio huondoa klorini. Klorini hiyo iliwekwa na mamlaka ya maji kwa makusudi ili iendelee kuyalinda maji njiani na ndani ya nyumba. Maji yakishatoka kwenye chujio bila klorini, kisha yakahifadhiwa kwenye ndoo na kuchotwa kwa kikombe, hayana tena mlinzi.

Na mtu akiamua kuyawekea dawa ya klorini baadaye, ajue kwamba klorini hufanya kazi vizuri katika maji yenye pH chini ya 8. Kadiri pH inavyopanda juu ya hapo, ndivyo nguvu yake ya kuua vijidudu inavyopungua. Kwa maneno mengine, tunalipa fedha nyingi kuyafanya maji yawe magumu zaidi kutibika.

5. Alkali tunayo tayari, na si baraka tupu

Ndugu zetu wa Arumeru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote. Chemchemi na visima vingi vya ukanda huo, kwa sababu ya miamba ya volkano, hutoa maji ya alkali kwa asili. Lakini mara nyingi maji hayohayo yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Yanapozidi sana na kwa miaka mingi, meno ya watoto huwa ya kahawia, na mifupa hukakamaa au kupinda. Waliofika Maji ya Chai na vijiji jirani wameyaona hayo kwa macho. Magadi ya kupikia maharage na makande nayo huweza kuwa na floraidi nyingi.

Kwa hiyo neno "alkali" peke yake halitoshi kuyaita maji mazuri. Chujio la mkaa wa kawaida haliondoi floraidi, na mashine hizi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kwa utaratibu maalumu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kubwa katika teknolojia hiyo, na nchini Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru liliieneza kwa familia na shule. Ni kazi ya kanisa ambayo tunapaswa kujifunza kwayo.

6. Umeme na chumvi: njia yenye manufaa kwetu

Tusije tukatoka hapa tukidhani kwamba kupitisha umeme katika maji ni upuuzi. Sivyo. Kumbukeni klorini inayotokea kwenye kibamba chanya. Tukiondoa utando wa katikati na kuweka maji yenye chumvi ya kawaida, mazao ya pande mbili hukutana, na tunapata dawa ya klorini, jamii ileile ya dawa ya maji inayouzwa katika chupa.

Vipo vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa kazi hii. Kimojawapo ni WATA, kilichobuniwa na taasisi ya Antenna ya Geneva, ambacho kimetumika katika nchi mbalimbali za Afrika na kinaweza kuendeshwa kwa umeme wa jua. Gramu 25 za chumvi katika lita moja ya maji safi hutoa dawa yenye takriban gramu 6 za klorini kwa lita. Mkipiga hesabu ya miligramu 1.5 kwa kila lita ya kunywa, lita moja ya dawa hiyo inatosha lita 4,000 za maji. Zahanati inaweza kujitengenezea dawa ya maji na ya kusafishia sakafu bila kusubiri gari la mjini, mradi awepo mtu aliyefundishwa, na dawa ipimwe kabla ya kutumiwa.

Umeme ni uleule na maji ni yaleyale. Tofauti iko katika tatizo tunalotaka kulitatua.

7. Maonyesho ya sokoni

Lipo onyesho jingine mnaloweza kukutana nalo. Mtu hutumbukiza vijiti viwili vya chuma katika glasi ya maji ya bomba, huwasha umeme, na baada ya dakika chache maji huwa ya kahawia au ya kijani kibichi. Husema, "Huu ndio uchafu mnaokunywa." Ukweli ni kwamba chuma cha kijiti ndicho kinacholiwa na umeme na kutoa kutu. Glasi ya pili hubaki safi kwa sababu maji yake hayana chumvi za kupitisha umeme. Mkitaka kuhakikisha, tieni chembe chache za chumvi katika glasi hiyo safi kisha warudie.

8. Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Tunashauri kila kikundi kiulize maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu:

(a) Tatizo letu la maji ni lipi: vijidudu, floraidi, chumvi, tope, au umbali wa kisima? Maji yamepimwa na maabara?

(b) Mashine hii inaondoa tatizo hilo, na nani asiye muuzaji anathibitisha?

(c) Kama inadaiwa kutibu ugonjwa, je, TMDA imekubali dai hilo?

(d) Machujio mapya yanagharimu kiasi gani, na yabadilishwe baada ya muda gani?

(e) Umeme ukikatika, tutakunywa nini?

(f) Anayetushawishi anapata kamisheni kiasi gani kwa kila mashine?

(g) Fedha hiyohiyo ingetosha nini kingine: tangi la maji ya mvua, ukarabati wa pampu, au vyoo vya shule?

Hitimisho

Tunasoma katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2, habari za Yeriko, mji uliokaa mahali pazuri lakini maji yake yalikuwa mabaya. Nabii Elisha hakuanzia kwenye vikombe vya watu. Alikwenda kwenye chemchemi yenyewe. Sisi nasi katika kazi ya maendeleo tuanzie kwenye chanzo: kuzuia mifugo isiingie kisimani, kujenga vyoo mbali na maji, kuchemsha au kutia dawa, na kuhifadhi katika chombo chenye mfuniko na koki.

Mwenye uwezo wake akinunua mashine ya alkali kwa sababu anapenda ladha ya maji yake, hatumkatazi, mradi maji anayoyaingiza yawe salama. Lakini mjane anayechangia shilingi zake kila wiki asiuziwe tumaini ambalo mashine haiwezi kulitimiza. Kumlinda huyo ni sehemu ya utume wetu, na anayemuuzia akiwa ndugu yetu katika imani, wajibu wetu wa kusema kweli kwa upendo unakuwa mkubwa zaidi.

Rudini kwenye vikundi vyenu mkafundishe, na Mungu azibariki kazi za mikono yenu.